Mpishi Naye Ni Mashuhuri

Muhula uliopita Chama chetu cha Historia kiliazimu kupamba ukuta wa darasa kwa majina ya wanawake mashuhuri wa karne ya 19. Kila mwanachama alitakiwa kuleta jina moja na kulitetea mbele ya wenzake. Yakaletwa majina makubwa: Malkia Victoria wa Uingereza, Florence Nightingale, aliyewauguza askari katika vita vya Crimea, Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858, na Binti Sultani Salme wa Unguja, ambaye kitabu cha maisha yake kilipigwa chapa Berlin mwaka 1886. Mimi nilileta jina la Halima. Nilipoulizwa Halima huyo alikuwa nani, nikajibu kwamba alikuwa mpishi. Bwana Mhariri, kicheko kilichofuata kilisikika mpaka bweni la pili.

Jina langu likashindwa kwa kura. Kwa kuwa dakika nilizopewa zilimezwa na kicheko, naomba nafasi katika gazeti letu niseme niliyokusudia kusema siku ile.

Halima alikuwa mpishi wa Dakta Livingstone, na mumewe aliitwa Amoda. Aliingia katika msafara huko Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871 alimkuta jikoni, akichungulia nje mara kwa mara ili ahakikishe kwamba kweli wazungu waliokaa barazani ni wawili. Alikuwa na wasiwasi kwamba Dakta hapendi chakula chake, kumbe mzee wa watu alikuwa mgonjwa na hana hamu ya kula. Siku ile alikula vizuri, na Halima akafurahi mno.

Mwaka uliofuata, walipokuwa Unyanyembe, Halima aligombana na mwenzake Ntaoeka, mkewe Chuma, akatoroka. Akarudi mwenyewe, akasimama nje akingoja aambiwe aingie. Livingstone akamkaribisha, akampa nguo nzito ya kumkinga na baridi, kisha akaandika katika kitabu chake cha kila siku kwamba mwanamke huyu ni hodari, haibi wala hamwachi mumewe aibe, na kwamba watakapofika Unguja atamwacha huru na kumnunulia nyumba na shamba.

Nawaomba wasomaji wayapime maneno hayo. Mtu huahidiwa uhuru ikiwa hanao. Livingstone, ambaye twasoma kila mwaka kwamba aliupinga utumwa kwa nguvu zake zote, alikuwa akipikiwa na mwanamke asiye huru. Sisemi hivyo ili kumchafua. Nasema kwa sababu katika vitabu vyetu vya darasani sijaliona jambo hilo hata mara moja.

Msafara huo ulipita Ufipa mara mbili. Mara ya kwanza, mwaka 1872, ulifuata ufuko wa ziwa, huko chini tunakoshuka kununua samaki, Livingstone akiwa hai. Akafa kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, mwezi wa Mei 1873. Watu wake wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaanza safari ya kuurudisha pwani. Safari hiyo iliwachukua zaidi ya kilometa 1,500, na waliporudi walipita tena katika nchi yetu kabla ya kufika Unyanyembe mwezi wa Oktoba.

Habari hizi nilimsimulia mama anayetupikia hapa shuleni, alipokuwa akikoroga maharage. Nilimwambia wanaume walivyopokezana kuubeba mwili, watu wapatao sitini, kwa miezi karibu tisa. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, watu sitini hao nani aliwatwangia?" Nikanyamaza. Mtu aliyewahi kutwanga ulezi wa watu kumi anajua kwamba swali hilo si dogo. Maiti hubebwa kwa zamu, lakini kinu hakina likizo. Livingstone mwenyewe alikwisha kuandika jinsi Ntaoeka alivyotangulia kuamka asubuhi za baridi, akiwasha moto, akiteka maji, akitwanga mpaka usiku. Na katika msafara wa maiti, walipokwisha kuipita Unyanyembe, msichana mmoja aitwaye Losi aliumwa na nyoka njiani huku mtungi wa maji ukiwa kichwani mwake, akafa muda si muda.

Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Horace Waller, aliyezihariri habari za safari za Livingstone, aliwataja Halima na Ntaoeka miongoni mwa waliovumilia mpaka mwisho, tena akaandika kwamba watu wale, baada ya kuukabidhi mzigo wao, hawakupewa hata nafasi chomboni ya kuvukia Unguja. Aliyeahidi nyumba na shamba alifika pwani akiwa maiti. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza mwaka ule ule. Jiwe la kaburi katika Westminster Abbey linasifu mikono ya waaminifu, lakini halitaji jina la hata mmoja wao.

Rafiki yangu wa Kidato cha Tatu alipinga kwamba Halima hakuacha hata mstari mmoja wa maandishi yake. Ni kweli. Lakini Susi na Chuma nao twawajua zaidi kwa kalamu za wengine, na majina yao twayakariri bila kucheka. Tena wale waliompigia Salme makofi hawakukumbuka kusema kwamba katika kitabu chake aliutetea utumwa. Jina lake libaki ukutani, maana kuandika kitabu zama zile hakukuwa mchezo. Nasema tu kwamba mizani iwe moja.

Na ajabu zaidi ni kucheka kwetu sisi Wafipa. Wazee wetu husimulia kwamba enzi ya Watwa ilianza kwa wanawake watatu wageni, waliofika Milansi wakiwa wamechoka na safari. Hatujaona haya kusema kwamba ufalme wetu ulitoka kwa wanawake wapita njia. Mbona huyu mwingine, aliyepita akiwa na kinu na mafiga, tumemwona kichekesho?

Mwalimu mlezi wa chama amekubali shauri hili lirudishwe mkutanoni mwanzo wa muhula ujao. Ukutani, karibu na dirisha, pamebaki nafasi moja. Jina nimekwisha kuliandika kwa herufi kubwa, na la Ntaoeka chini yake. Gundi iko kwa katibu.