Putre Iliyokunjika: Neno kwa Wasudere wa Bel-Air

Ninyi vijana wenye kusude vyuma kando ya njia kule Bel-Air, katika komini ya Kampemba: mwezi huu tuzungumze juu ya putre iliyokuwa nyoofu asubuhi, na mangaribi, kiisha kusude, imekunjika kama upinde. Mwenye nyumba anakuja na metre yake, anakataa. Patroni anakata mushahara. Wengine wanasema chuma kilikuwa kibaya, wengine wanawaza ulozi wa jirani. Hapana. Sababu iko katika moto wenyewe.

Chuma kikipata moto kinapanuka. Metre moja ikipanda digri 100 inaongezeka karibu milimetre 1.2. Ni kidogo, lakini pale baketi inapoyeyuka moto unapita digri 1,500. Kipande kile cha moto kinataka kupanuka, chuma baridi cha kandokando kinakizuia, basi kinajibana. Kikipoa kinakuwa kifupi kuliko mbele, na kinavuta. Ukisude upande mumoja tu, putre inainama kuelekea upande ule ule.

Tufanye namna gani? Kwanza, usimwage baketi bure: sudure kubwa kupita lazima inavuta zaidi. Pili, shika vipande kwa pwenti ndogo pande zote, kiisha pima na ekeri. Tatu, sude kidogo huku, kidogo kule. Mustari murefu uukate vipande vifupi. Kama ni putre mbili za namna moja, zifunge mugongo kwa mugongo, na usifungue mbele hazijapoa.

Lakini kufunga kwa nguvu hakumalizi neno lote, maana nguvu ingine inabaki imefungiwa ndani ya chuma. Ubelgiji, daraja ya Hasselt, iliyoungwa kwa sudure juu ya mufereji Albert, ilivunjika tarehe 14 Machi 1938, kama mwaka moja tu kiisha kufunguliwa. Chuma chake kilikuwa cha kupasuka upesi, na nguvu zile za ndani ziliongeza ubaya.

Na kama imekwisha kukunjika? Usiipige nyundo baridi karibu na sudure, wala usilazimishe matundu kukutana kwa kukaza bulo. Pasha moto mahali padogo, mufano wa pembe tatu, upande uliotokeza nje, kitako cha pembe kiwe ukingoni. Chuma kiwe chekundu cha giza, kisipite digri 650. Usimwage maji. Kiache kipoe chenyewe. Kikipoa kinavuta, putre inarudi.

Nanyi wapatroni, mbele ya kukata mushahara wa kijana, jiulizeni: nani alimuharakisha amalize upande mumoja kwa mara moja? Putre ile itabeba paa, na chini ya paa watoto watalala. Mupeni nafasi ya kuigeuza.