Mkono unaomshika mtoto gizani

Kila unapokaribia usiku wa tarehe 31 Oktoba, ndugu zetu wanaolea watoto Marekani hurudi kwenye swali lile lile: wawaambie nini watoto wao kuhusu Halloween? Hukumu ya kushiriki sherehe zenye asili ya dini nyingine masheikh wetu wamekwisha kuibainisha, nasi hatuna la kuongeza. Leo twapenda kutazama jambo jingine. Kwa nini Wamarekani wengi walio watu wazima huukumbuka usiku huo wa utotoni mwao kwa mapenzi makubwa, ilhali uliojaa ndani yake ni vitisho?

Sherehe hiyo ni mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote ya Wakristo, nayo ilienezwa Marekani na wahamiaji wa Ireland na Uskoti katika karne ya 19. Ilipofika miaka ya 1930, katika dhiki ya mdororo mkuu wa uchumi, vijana waliugeuza usiku huo kuwa wa uharibifu wa mali za watu. Wazazi waliona kuwa kukemea hakutoshi. Wakafungua vyumba vya chini ya nyumba zao, wakavitia giza na kuvifanya nyumba za vitisho. Vifaa vilitoka jikoni: tambi baridi zikawa matumbo, zabibu zilizomenywa zikawa macho, na sponji iliyolowa maji ikaning'inizwa ili impapase mtoto usoni. Nyuma ya shuka jeupe alisimama baba wa jirani, na watoto walimtambua kwa sauti yake.

Hapo ndipo lilipo jibu. Mtoto aliingia gizani kwa kuwa aliyemfungulia mlango ni mtu aliyemwamini, naye alijua kuwa upande wa pili zipo taa na watu wake. Mzimu ulikuwa wa bandia. Kilichobaki moyoni ni ule mkono uliomshika.

Hatuusifu mchezo wenyewe. Tena kumbukumbu za zamani huchagua yaliyo matamu. Baadaye vitisho viligeuka biashara kubwa, na tarehe 11 Mei 1984 moto uliwaka ndani ya nyumba ya vitisho katika bustani ya michezo huko New Jersey. Vijana 8 walifariki. Jengo hilo halikuwa na mitambo ya kunyunyiza maji ya kuzimia moto, na ni baada ya msiba huo ndipo masharti ya usalama yalipokazwa. Anayemwingiza mtoto wa mwenzake gizani amebeba amana ya kumtoa salama.

Nasi tusijione tumesalimika kwa kuwa hatuna Halloween. Ni wangapi kati yetu tulitishwa kwa zimwi ili tulale, kwa jini ili tutulie, na kwa bakora ya maalimu ili twende chuoni? Na ni wangapi leo twawatisha wanetu vivyo hivyo? Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kuwa Swahaba mmoja alilala safarini, mwenzake akaichukua kamba aliyokuwa nayo, naye akashtuka. Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Ikiwa mzaha wa kamba kwa mtu mzima umekatazwa, itakuwaje kumtisha mtoto asiyejua kama tunasema kweli au twadanganya? Mtume (s.a.w.) ametuagiza pia tuwazuie watoto wetu ndani jua linapotua. Huko ni kuwalinda, wala si kuwatia hofu.

Kwa hiyo, mzazi aliyeko ughaibuni anayemwambia mwanawe "hapana" usiku wa tarehe 31 Oktoba, asimwache peke yake dirishani akiwatazama wenzake wakipita na vikapu vya peremende. Aketi naye, amweleze sababu kwa upole, awaalike watoto wa ndugu wengine, wale pamoja. Nasi wa kamati za misikiti tuwafungulie milango na kuwasha taa, kwani katazo letu halitawafaa watoto tukiwakataza kisha tukafunga msikiti mara baada ya Isha.

Allah (s.w.) atuwafikishe kuitunza amana hii. Amin.