Mila Hazitoshi Kueleza Ugonjwa: Rungwe na Karonga

Katika vikao vya mapitio ya vifo vitokanavyo na uzazi kuna neno moja ambalo hupita bila kuulizwa. Mama alifika hospitali amechelewa, damu ilikuwa imemtoka kwa saa nyingi, na juhudi za zamu nzima hazikumrudisha. Fomu inataka sababu ya kuchelewa. Mtu anasema "mila na desturi", katibu anaandika, kikao kinaendelea na faili linalofuata. Neno hilo lina faida kwa wote waliomo chumbani: halimgusi daktari aliyekuwa zamu, halimgusi mwenye funguo za gari la wagonjwa, wala halidai hata shilingi moja ya bajeti. Anayetwishwa mzigo ni marehemu na ukoo wake.

Wilayani Rungwe neno hilo aghalabu huvaa jina la kabila. Wanyakyusa, husemwa, wana mambo yao: hungoja kauli ya mume, huanza kwa mganga, hudharau zahanati. Wapo wahudumu kutoka mikoa mingine wanaoliamini jambo hili kwa nia njema, na wapo wenyeji wanaolirudia kama mzaha juu yao wenyewe. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho iliyomuuliza Mtanzania kabila lake. Wodini bado swali hilo linajibiwa kabla halijaulizwa.

Bahati njema, kipimo cha dai hilo kipo karibu. Barabara ya lami itokayo Uyole hupita Tukuyu, huteremka hadi tambarare ya Kyela na kuishia Kasumulu, ukingoni mwa mto Songwe. Ng'ambo ya mto ni wilaya ya Karonga, nchini Malawi, na wenyeji wa huko ni Wangonde. Lugha yao na Kinyakyusa ni ndugu wa karibu kiasi kwamba anayetoka Tukuyu hahitaji mkalimani. Masimulizi ya asili yanafanana, na ndizi na ng'ombe wana heshima pande zote mbili. Kilichowagawa ni mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, uliouchukua mto kuwa mpaka. Mto wenyewe haukuuheshimu mkataba huo: mafuriko huhamisha mkondo wake mara kwa mara, na mkulima huamka akakuta shamba lake limebaki upande mwingine wa maji.

Ikiwa mila ndiyo inayoamua nani apone na nani afe, basi watu hawa wawili walitakiwa kuugua sawa, kujifungua sawa na kufa sawa. Sivyo ilivyo.

Tofauti zenyewe zilianza kabla ya ukoloni, na hata wakati ule chanzo hakikuwa damu. Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti katika nchi hii kati ya mwaka 1934 na 1938. Kwa Wanyakyusa wa milimani walikuta machifu wengi wadogo, na vijiji ambavyo vijana wa rika moja walijenga pamoja mbali na baba zao. Kwa Wangonde walikuta mtawala mmoja mkuu, Kyungu. Wilson aliueleza ukuu huo kwa biashara ya pembe za ndovu iliyovuka Ziwa Nyasa: aliyeishika biashara aliweza kugawa mali, na aliyegawa mali alipata utii. Milima ya Rungwe haikuwa kwenye njia hiyo. Kwa hiyo hata kile kinachoitwa "mila ya Wangonde" kilikuwa, kwa sehemu kubwa, matokeo ya soko.

Kisha zikaja serikali mbili. Vijana wa pande zote walizoea kwenda mbali kutafuta fedha ya kodi na mahari, wengine machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, wengine migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wengine Afrika Kusini. Baada ya uhuru Tanganyika ilikataa watu wake kuendelea kuandikishwa kwa migodi ya makaburu. Malawi ya Kamuzu Banda iliruhusu hadi mwaka 1974, ndege iliyobeba wachimbaji wa Kimalawi ilipoanguka Francistown, Botswana, na uandikishaji ukasimamishwa. Daktari anayepokea mzee mwenye kikohozi cha miaka mingi anajua uzito wa habari hii. Vumbi la mgodi huharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika hukaribisha kifua kikuu. Binamu wawili, mmoja wa Masoko na mmoja wa Karonga, waligawiwa mapafu tofauti kwa saini za wakubwa waliokaa Dar es Salaam na Zomba.

Suala la uzazi linaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Malawi ni nchi maskini kuliko Tanzania kwa kipimo chochote cha kipato. Hata hivyo, katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015-16, uzazi 91 katika kila 100 nchini humo ulifanyika kwenye kituo cha huduma za afya. Tanzania, katika uchunguzi wake wa miaka hiyo hiyo, ilikuwa na 63. Tanzania imepanda hadi 81 katika uchunguzi wa mwaka 2022, na vifo vitokanavyo na uzazi vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Swali linabaki: Malawi, yenye fedha kidogo, ilitangulia kwa njia gani?

Njia ya kwanza ni mlango usiotozwa. Hospitali na zahanati za serikali ya Malawi hazitozi mgonjwa. Tanzania ilianzisha uchangiaji wa gharama mwaka 1993, na ingawa wajawazito na watoto chini ya miaka 5 wamesamehewa kisheria, familia nyingi huujua msamaha huo kama karatasi ukutani, kwa kuwa glavu, dawa na nauli hutoka mfukoni. Haki inataka isemwe pia kwamba bure isiyo na dawa ni bure ya jina tu. Rafu tupu ni malalamiko ya kudumu Malawi, na mgonjwa wa Karonga mwenye uwezo huvuka Songwe kununua dawa au kutafuta kipimo upande wa Tanzania.

Njia ya pili ni mtu anayelipwa. Malawi ina wasaidizi wa afya wa vijijini, waajiriwa wa serikali wenye mshahara, wanaochanja, kutembelea kaya na kuwafahamu wajawazito kwa majina. Upande wa Rungwe kazi kama hiyo kwa miaka mingi imebebwa na watu wa kujitolea, wanaopewa fulana, baiskeli na posho ya siku ya semina. Mpango ambao serikali ya Tanzania iliuzindua mwaka 2024 kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 130,000 unaweza kubadili hali hii, mradi malipo yao yasigeuke kuwa hisani ya wafadhili.

Njia ya tatu inatatanisha. Tanganyika ilifuta madaraka ya machifu mwaka 1963. Malawi iliyahifadhi, na Kyungu bado ni chifu mkuu wa Karonga. Baada ya Malawi kuwakataza wakunga wa jadi kuzalisha, mwaka 2007, machifu katika sehemu nyingi za nchi hiyo waliweka sheria ndogo: mama akijifungulia nyumbani, familia hutozwa faini ya fedha, kuku au mbuzi. Idadi ya wanaojifungulia vituoni ilipanda. Wapo wanaotamani Rungwe ingekuwa na chifu wa namna hiyo. Ni tamaa ya kuangaliwa kwa shaka. Faini humpata aliyekaa mbali na kituo kuliko aliyekaa jirani nacho, na mama aliyejifungulia njiani hulazimika kuchagua kati ya kuficha mtoto na kulipa. Mtoto aliyefichwa hachanjwi. Jambo la kujifunza kwa Malawi ni mlango wazi na mhudumu mwenye mshahara, si mbuzi wa faini.

Hapa msomaji makini atauliza kama serikali basi ndiyo maelezo ya yote. Hapana, mwinuko wa ardhi nao una kauli. Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali ufuo wa Ziwa Nyasa hauzidi mita 500. Kyela, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Rungwe hadi ilipotengwa kuwa wilaya, inafanana na Karonga kuliko inavyofanana na Tukuyu: joto, mpunga, mbu na malaria. Mchele bora wa Karonga huitwa Kilombero, jina la bonde la Tanzania. Kwa upande mwingine, mito ya kasi inayoteremka milimani, kama Kiwira na Mbaka, ndiyo makazi ya inzi weusi wanaoeneza usubi, ugonjwa unaowasha ngozi na hatimaye kupofusha. Usubi wa Malawi umejulikana zaidi kusini, huko Thyolo, mamia ya kilomita kutoka Karonga. Inzi hakuuliza kabila. Alitafuta maji yaendayo kasi. Na dawa ya Mectizan imegawiwa vijijini Rungwe kwa miaka mingi na wagawaji waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, jambo linalowapa jibu wasemao kwamba watu wa huku hawapendi dawa za hospitali.

Wastani wa taifa nao hudanganya. Kitaifa, maambukizi ya VVU ni mengi zaidi Malawi kuliko Tanzania. Lakini Malawi mzigo mkubwa uko kusini, kuelekea Blantyre, si kaskazini, ilhali mkoa wa Mbeya ulipimwa kuwa na asilimia 9.6 ya watu wazima mwaka 2022-23, Tanzania nzima ikiwa na 4.4. Mhudumu wa Tukuyu anayemtazama mgeni kutoka Malawi kama tishio angefaa kuzitazama takwimu za mkoa wake kwanza. Barabara kuu, malori, magulio na vibarua wa msimu vina nguvu zaidi katika hesabu hiyo kuliko unyago au mahari.

Linabaki suala la kipato, ambalo Rungwe hulijibu kwa fahari: chai, ndizi, viazi, maziwa, na sasa parachichi linalosafirishwa ng'ambo. Ni kweli, na mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka ni baraka ambayo Karonga ya pamba na ukame wa mara kwa mara haina. Lakini shamba la kijani halimaanishi mtoto aliyeshiba vema. Mikoa jirani inayolisha nchi ndiyo iliyoongoza kwa udumavu wa watoto mwaka 2022: Iringa asilimia 56.9, Njombe 50.4 na Rukwa 49.8, wastani wa taifa ukiwa 30. Sababu zimo katika ratiba ya siku. Jani la chai lililochumwa lazima lifike kiwandani kabla halijaharibika, kwa hiyo mama huondoka alfajiri na mtoto wa miezi minane hubaki na dada yake wa miaka tisa na ndizi zilizopondwa bila maharage wala maziwa. Maziwa yamekwenda kuuzwa. Fedha ya mwezi mara nyingi huingia kwenye akaunti ya mwenye shamba, naye si yeye aliyechuma.

Mvua hiyo hiyo ndiyo inayokata barabara za udongo kuelekea Mwakaleli na vijiji vya juu mwezi Machi na Aprili, wakati bodaboda hupandisha bei au hukataa kabisa. Familia inayotafuta nauli usiku itafanya kikao, itamwita baba mkubwa, itauliza jirani mwenye ng'ombe. Anayekitazama kikao hicho kutoka hospitali huona mila. Anayekitazama kutoka uani huona watu wanaotafuta mkopo.

Si kusudi la makala haya kuzisafisha desturi zote. Mganga anayemshikilia mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo kwa siku nne hutenda dhara, awe Mnyakyusa, Mngonde au mgeni. Lakini hata yeye ana bei na ana umbali, na mara nyingi ni yeye pekee anayekubali kulipwa baada ya mavuno.

Mapitio ya vifo yana nyenzo inayofahamika kwa kila mkunga aliyehitimu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Katika wilaya hii itasaidia iwapo neno "mila" halitaandikwa chini ya lile la kwanza mpaka maswali matatu yamejibiwa na ndugu wa marehemu, wakiwa wameketi na kuitwa baba na mama kwa heshima inayowastahili: nauli ilikuwa kiasi gani usiku ule, nani alikuwa na simu, na mara ya mwisho mama huyo alipofika zahanati aliambiwa nini. Kyela na Karonga wakiyauliza maswali hayo hayo, na kituo cha utafiti cha NIMR kilichopo Tukuyu kikashirikiana na watafiti wa ng'ambo ambao wamefuatilia afya ya kaya za Karonga tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, majibu ya pande mbili yanaweza kuwekwa kwenye meza moja. Lugha ya kuyajadili wanayo tayari.