Saa ya dhahabu



Jumapili iliyopita, baada ya mafundisho, kijana mmoja wa kundi letu alinionyesha katika simu yake picha ya saa ya mkono ya zamani: Rolex Day-Date ya dhahabu, yenye vipande vya almasi mahali pa tarakimu. Akaniuliza kama ni dhambi kuitamani.

Nilichelewa kumjibu, kwa sababu mimi pia niliitazama kwa muda mrefu. Saa za aina hiyo zilianza kutengenezwa mwaka 1956, nazo huwa za dhahabu au platini tu. Ile ya zamani haina betri: mkono wa mvaaji unapotikisika, kipande kizito kilichomo ndani huzunguka na kukaza springi. Fundi aliyepanga magurudumu madogo namna ile alikuwa mvumilivu, na uvumilivu ni tunda la Roho. Siwezi basi kuwaambia kwamba uzuri ni uovu. Hata kikombe cha Misa hupakwa dhahabu.

Lakini tusidanganyane. Saa hiyo haitamaniwi kwa ajili ya kujua wakati. Ile ya plastiki yenye betri, tunayonunua sokoni, huhesabu sekunde kwa usahihi zaidi. Baba Mtakatifu Fransisko alivaa saa ya plastiki, wala sidhani kama ilimchelewesha Misani. Saa ya dhahabu huvaliwa ili wengine waione.

Nasi Wakongomani tuna la kuongeza. Dhahabu ilivumbuliwa Kilo mwaka 1903, na almasi huko Kasai mwaka 1907. Miaka zaidi ya 100 imepita, na mchimbaji bado anasimama majini hadi kiunoni akichekecha mchanga, akijua wakati kwa kutazama jua. Sisemi kwamba almasi za saa ile zilitoka kwetu. Nyingi za Mbuji-Mayi ni za viwandani, za kukatia na kusagia. Nasema kwamba kijana anayeacha shule kwenda machimboni, kwa tumaini la kuvaa kitu kama hicho, anauza miaka yake ili apate chombo cha kuihesabia.

Nilimjibu hivi: kuitazama si dhambi, kuidharau saa ya baba yako kwa ajili yake, hapo ndipo pana hatari.

Akasema, «Lakini, Mwalimu, ni nzuri.»

Kweli, ni nzuri. Jumapili ijayo tutasoma mfano wa tajiri na ghala zake, Luka sura ya 12, na nimemwomba yeye ndiye atusomee.