Mutu wa Musitari wa Nyuma



Kijana mumoja wa korali yetu, mupiga gitari, alinifuata kisha mazoezi na telefone mukononi. Aliniuliza: "Pasta, ni nini inafanyaka mutu akuwe vedeti ya kweli? Ni sauti? Ni mavazi? Ao anazaliwaka hivyo?" Ndani ya telefone mulikuwa wanaume wanne wanapiga roki mbele ya watu wengi kama muchanga. Mama yake alikuwa karibu, akajibu mbele yangu: "Pasta, ile iko makelele ya Wazungu na moshi tu." Mimi sikujibu mbio. Niliomba video ile, dakika 21, nikaiangalia usiku mara tatu. Kisha nikatafuta zingine. Ninaandika hapa yale niliyoyaona, kwa ajili ya kijana na kwa ajili ya mama pia.

Orkestra ile inaitwa Queen. Siku ile ilikuwa tarehe 13 mwezi wa saba 1985, katika uwanja wa mupira wa Wembley, London. Bob Geldof na Midge Ure walikuwa wameita waimbaji wakubwa kusudi feza zikusanywe kwa watu wa Ethiopia waliokuwa wakifa kwa njaa. Konseri ya pili ilifanyika siku ileile kule Philadelphia, Marekani, na televizyo zilipeleka zote mbili katika inchi nyingi. Ndani ya Wembley mulikuwa watu karibu 72.000.

Kila kundi lilipewa dakika 20 hivi tu. Queen waliingia saa kumi na mbili na dakika 41 za jioni. Ni mwezi wa saba, na kule Ulaya jua halizami mapema. Basi mama yangu, uangalie vizuri: moshi uko wapi? Taa za rangi ziko wapi? Jua likiwaka, taa hazina faida. Mwimbaji wao, Freddie Mercury, alivaa singleti nyeupe na jean, sawa kijana anayetoka kusukuma kinga ya makala. Hakuna kitu cha kumuficha. Kama hana kitu ndani, watu 72.000 wataona kwamba hana kitu.

Lakini kazi ilikuwa imekwisha kufanyika mbele. Walijifungia siku kadhaa katika Shaw Theatre, London, wakipima nyimbo zao kwa saa mupaka ziingie katika dakika zile. Wimbo wao murefu, Bohemian Rhapsody, waliukata, wakapiga kipande tu. Tena Queen haikuwa orkestra ya jana. Walikuwa pamoja tangu 1970. Miaka 15 ya safari, ya kubeba vyombo, ya kupiga mbele ya watu wachache. Kijana wangu anayetaka kuwa vedeti mbele ya Noeli, sijui kama amesikia hesabu hiyo.

Na juu ya "Wazungu", mama, nilicheka kidogo. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar, tarehe 5 mwezi wa tisa 1946, mutoto wa wazazi Waparsi waliotoka upande wa India. Jina lake lilikuwa Farrokh Bulsara. Baba yake alikuwa mutunza feza katika kazi ya serikali ya wakoloni. Mutoto alitumwa India kwa masomo, kule Panchgani, akajifunza piano, akapiga na wenzake wa shule katika kaorkestra kao. Mwaka wa 1964, kisha mapinduzi ya Zanzibar, jamaa walihamia Uingereza. Basi mutu aliyesimamisha Wembley alikuwa ametembea akiwa mudogo katika mitaa ambamo watu wanasema Kiswahili. Wanaomujua wanasema kwamba nje ya jukwaa alikuwa mutu wa haya. Vijana wenye haya munaosoma hapa, mushike neno hilo.

Sasa nifike kwa jambo lenyewe. Kati ya nyimbo orkestra inanyamaza. Mutu anabaki peke yake na mikro yenye nusu ya fimbo (inasimuliwa kwamba fimbo ilivunjika katika konseri moja ya zamani, naye akaona inafaa hivyo). Anatupa sauti moja, haina hata maneno. Watu wanairudisha. Anatupa ya pili, inapanda kidogo. Inarudishwa. Anatupa moja ndefu, ndefu kabisa, mupaka unajiuliza kama mapafu yake ni ya mutu, na uwanja muzima unajaribu kuifuata. Hapo nilisimamisha video. Jambo hili ninalijua! Mumoja anaanza, wengine wanapokea: ni hivi wanavyoimba wanaume wakisukuma kitu kizito, ni hivi mama zetu wanavyoimba kwenye matanga. Mutu yule hakuwaimbia watu 72.000. Aliwapa kazi.

Mufikiri kidogo juu ya yule aliyesimama mwisho kabisa wa uwanja. Kwake mwimbaji ni mudogo kama kijiti cha kiberiti. Uso haonekani, macho hayaonekani. Mercury alijua hivyo. Muangalie namna anavyosimama: ngumi juu kabisa, muguu mbele, kichwa nyuma. Mwili wote unaandika neno moja kubwa ambalo hata aliye mbali atalisoma. Mupiga gitari wake, Brian May, ameeleza kwamba Freddie aliweza kumufikia mutu wa mwisho kule nyuma, huyo naye akajiona ameunganishwa naye. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la swali. Sauti ni zawadi, mavazi ni feza. Lakini vedeti wa kweli ni yule ambaye hakumusahau mutu wa musitari wa nyuma.

Brian May mwenyewe alijifunza jambo hilo kutoka kwa watu. Mwaka wa 1977 walipiga katika muji wa Stafford, Uingereza. Walipokwisha kutoka jukwaani, watu hawakurudi nyumbani: walibaki, wakaanza kuwaimbia wao wimbo wa mashabiki wa mupira. May akaanza kujiuliza: watu waliobanana hivi, wasio na nafasi ya kugeuka, wanaweza kufanya nini pamoja? Wanaweza kupiga muguu chini, wanaweza kupiga makofi, wanaweza kuimba. Kutoka hapo ulizaliwa We Will Rock You: muguu, muguu, kofi. Hata mutoto wa miaka 3 anaujua. Ulitungwa kwa kuhesabu nafasi ya mikono ya mutu aliyebanwa.

Wengine watasema: Pasta, utuonyeshe mufano wa kwetu. Basi twende Kinshasa, mwezi wa tisa 1974. Kulikuwa sikukuu ya muziki ya siku tatu, tarehe 22 mupaka 24, katika uwanja wa 20 Mai, unaoitwa leo Tata Raphaël. Ilipangwa pamoja na pigano la Ali na Foreman, lakini Foreman alipasuka juu ya jicho katika mazoezi, pigano likasukumwa mupaka tarehe 30 mwezi wa kumi. Muziki haukungoja. Franco alipiga, Tabu Ley alipiga, Miriam Makeba, B.B. King, na kwa juu ya wote James Brown. Yeye si wa roki, lakini wanaroki walisoma kwake: mwaka wa 1964, huko Santa Monica, Rolling Stones walipashwa kuingia jukwaani nyuma yake, na Keith Richards alisema baadaye kwamba kukubali vile lilikuwa kosa.

James Brown alicheza mupaka jasho linamwagika kama mvua, na wakati uleule sikio lake lilikuwa kwa kila mutu wa orkestra. Mupiga tarumbeta akikosa, James Brown anafungua vidole kumuelekea, bila kuacha kucheza: hesabu ya dola utakazokatwa. Ukali wa namna hiyo siusifu sana, na nisingependa kuuona katika korali. Lakini utambue: aliyeonekana kama amepotewa na akili alikuwa anasikia kila kitu.

Hapa nitasema neno ambalo wengine watanichukia nalo. Wanamuziki wetu wa Kongo wana mikono na sauti ambazo ulimwengu unazitamani. Lakini libanga imeharibu jukwaa. Munaijua: mwimbaji anakata wimbo katikati kusudi aite jina la mukubwa fulani, la mwenye magari fulani, kwa sababu amelipa. Kwa Lingala libanga ni jiwe, na sisi wa inchi ya mawe tunajua jiwe linalipa nani. Sisemi kwamba wanamuziki ni wabaya. Nyimbo zao zinaibiwa kila siku, na watoto wao wanapashwa kula. Lakini katika konseri ya namna ile mwimbaji anaangalia viti vya mbele tu, kule wanakokaa wenye feza. Yule aliyeuza kuku kusudi apate tikiti, ambaye yuko nyuma karibu na ukuta, nani atamuita jina?

Niliona siku moja kinyume chake. Ni mwisho wa miaka ya 1990, mimi kijana, katika serkle moja ya wafanyakazi pale Likasi. Orkestra ilikuwa ya watu wasiojulikana, vyombo vya kukodi. Wimbo wa tatu, umeme ukakufa. Giza, watu wakaanza kupiga filimbi, wengine wakadai feza yao. Mwimbaji hakukimbia. Alimuambia mupiga ngoma asiache, akaruka chini ya jukwaa, akapita katikati ya watu akiimba kwa koo tupu, akafika mupaka kwa musitari wetu, kule mwisho. Nilihisi mukono wake begani pangu. Jina lake sikulijua hata leo. Umeme uliporudi, watu hawakuupigia hata kofi.

Na karindula yetu ya Lubumbashi, kwani nini? Pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi, muti murefu wa kushikilia nyuzi. Hakuna jukwaa. Watu wanazunguka, na mupiga karindula anapashwa kugeuka, kwa sababu pande zote ni mbele. Vijana wanaonunua miwani meusi mbele ya kununua nyuzi za gitari, waende kwanza kusimama pale saa moja.

Mutu ataniuliza juu ya maisha ya Mercury. Alikufa tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1991, mwenye miaka 45, kwa ugonjwa wa SIDA. Sina jiwe la kumutupia. Katika mitaa yetu, ni nyumba gani ambayo haijazika mutu wa ugonjwa ule?

Inabaki jambo moja, na ni zito. Kumuona mutu wa nyuma si adabu tu. Mara zingine ni uzima na kifo. Tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili 1979, muji wa Cincinnati, Marekani, watu walikuja kuangalia The Who. Viti havikuwa na namba: anayefika kwanza anakaa mbele. Milango iliyofunguliwa ilikuwa michache. Waliokuwa inje walisikia vyombo vikijaribiwa, wakafikiri konseri imeanza, wakasukumana. Watu 11 walikufa mulangoni. Orkestra haikuambiwa; ilipiga mupaka mwisho, kisha ndipo ikajua. Tarehe 30 mwezi wa sita 2000, kule Roskilde, Danemark, Pearl Jam walikuwa wanapiga wakati watu walipoanguka na kukanyagana karibu na jukwaa. Mwimbaji Eddie Vedder alisimamisha muziki, akaomba watu warudi nyuma. Hata hivyo vijana 9 walikufa. Na kwetu, tarehe 29 mwezi wa kumi 2022, katika uwanja wa Martyrs, Kinshasa, siku ya konseri ya Fally Ipupa, watu walijaa kupita kiasi, na 11 hawakurudi nyumbani.

Basi ninawaandikia viongozi wa korali, kwa sababu majira ya konseri za Noeli yanakaribia na kila parokia inatafuta feza za mabafle. Ninajua kumbi zetu. Zina milango miwili, na mumoja unafungwa kwa kufuli kusudi watu wasiingie bila kulipa. Mufungue yote miwili. Watoto kumi wakiingia bure, waingie. Muhesabu viti mbele ya kuuza tikiti, si kisha. Anayeongoza wimbo asifunge macho kwa raha yake mupaka mwisho: aangalie kule nyuma, na akiona watu wanasukumana, akate wimbo, hata kama ndio ule watu walioungojea. Na ufunguo wa mulango wa pili mumupatie shemasi mumoja mwenye nguvu, asimame pale tangu mwanzo, hata kama kutoka pale haoni jukwaa.