Maoni Yetu: Utamu wa Chokoleti Watoka kwa Nani?



Juzi ndugu mmoja aliingia ofisini mwetu, akaona kipande cha chokoleti kando ya daftari la michango. Akacheka: "Kumbe viongozi nao hula vitu vya watoto!" Tukacheka naye, tukamgawia. Hatuoni haya kusema ya kuwa chokoleti ni kitu kizuri. Humtia nguvu mtu aliyesimama kwenye mashine tangu asubuhi, na kikombe cha kakao moto katika baridi ya Julai ni raha isiyovunja nyumba ya mtu. Wataalamu husema kakao ina vitu vinavyosaidia mishipa ya damu, lakini tusidanganyane: nyingi ya chokoleti za madukani ni sukari na mafuta kuliko kakao. Anayekula kwa raha na aseme hivyo, asimsingizie daktari.

Tulimwuliza yule ndugu utamu ule umetoka wapi. Akajibu, "Kiwandani, Ulaya." Ndivyo wengi wafikirivyo. Lakini mbegu ya kakao ikitoka mtini ni chungu, wala haina harufu ya chokoleti. Mkulima hukata tunda kwa panga, hulipasua, hutoa mbegu pamoja na ute wake mweupe, huzirundika na kuzifunika kwa majani ya migomba siku tano au sita zichachuke, kisha huzianika juani kama juma zima akizigeuza. Akiharakisha, hapana kiwanda kitakachoweza kuirudisha ladha ile. Kazi ya kwanza ni yake, naye hupata kidogo kuliko wote.

Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia yatoka Ivory Coast na Ghana. Wakulima wa Ghana wana habari ambayo yafaa kila mfanya kazi aijue. Mwaka 1937, nchi ile ikiitwa bado Gold Coast, makampuni ya Kizungu yaliyonunua kakao, United Africa Company na Cadbury yakiwamo, yalipatana kugawana zao badala ya kushindana kwa bei. Wakulima walipojua hawakwenda kumlilia mtu. Waliziweka mbegu ghalani wasiuze, na tena wakakataa kununua bidhaa za maduka ya makampuni yale. Machifu wengi walisimama nao. Fikirini, ndugu: mtu ana deni, magunia yamejaa nyumbani, naye hauzi kwa sababu jirani yake hauzi. Mambo yalikwenda hivyo mpaka Aprili 1938. Serikali ya Uingereza ikalazimika kutuma tume ya Nowell, nayo ikashauri mapatano yale yaondolewe.

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Mwaka 1947 iliundwa bodi ya kuuza kakao. Lakini mwaka 1954 serikali ya Nkrumah ilimwekea mkulima bei ya shilingi 72 kwa mzigo wa ratili 60, hali bei ya dunia ilikuwa juu mno, na wakulima wa Ashanti wakawaka hasira. Wenzetu wenye mikahawa kule nyumbani wataelewa bila kuelezwa.

Na leo? Mwaka 2024 bei ilipita dola 10,000 kwa tani katika soko la New York. Wakulima wengi wa nchi zile mbili hawakuionja, maana sehemu kubwa ya zao ilikuwa imekwisha kuuzwa mapema kwa bei ya chini.

Tena kuna watoto. Mwaka 2001 makampuni makubwa ya chokoleti yaliahidi kukomesha kazi mbaya kabisa za watoto mashambani kufikia mwaka 2005. Mwaka ukapita, tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Chicago uliotolewa mwaka 2020 ulikuta watoto karibu milioni 1.56 wakifanya kazi za kakao huko, wengi wao kazi za hatari. Wengi wapo katika shamba la baba. Baba asiye na pesa ya kumlipa kibarua humwita mwanawe, na hayo tumeyaona hata hapa kwetu wakati wa kuchuma kahawa.

Kwa hiyo wanaosema tuache kula chokoleti hatukubaliani nao. Tukiacha, atakayeumia kwanza ni mkulima. Tunalotaka ni bei ya haki pale shambani. Mwaka 2019 Ghana na Ivory Coast ziliungana kudai dola 400 zaidi kwa kila tani. Walifanya vyema, ingawa baadaye wanunuzi wengine walishutumiwa kukwepa.

Twaomba kila tawi lijadili, kabla ya mkutano wa mwezi ujao, barua ya chama kwa wanaoagiza chokoleti hapa Kenya, kuwauliza kakao yake ilinunuliwa shambani kwa bei gani. Majibu yakifika tutayachapa humu. Wasiojibu tutawataja pia.