Nani Atasema "Twende Tukalale"?

Vijana wetu hapa Theta wanapanga wikendi ya Mombasa, na wengine wanangoja mchungaji akemee. Sikemei. Bahari ni kazi ya Mungu wetu, nendeni mkaogelee.

Ninachouliza ni hiki: saa nane usiku kule Mtwapa, muziki umepamba moto, kwa simu imebaki pesa ya nauli tu. Rafiki yupi atakuambia, "Twende tukalale"? Yona alishuka Yafa, mji wa pwani, akalipa nauli yake mwenyewe amkimbie Mungu. Biblia haitaji rafiki aliyemshika mkono. Aliyemwamsha ni nahodha, tena dhoruba imeshaanza!

Kama kundi lenu halina mtu huyo, mtafuteni kabla hamjakata tiketi. Hata akiwa si wa kanisa letu.